Silaha ya haraka au ya polepole? Piga hesabu ya reji kwenye World of Warcraft (WoW) Classic kabla hujatumia goldi zako

Wadau, hili swali naulizwa kila nikiingia kwenye gemu, eti Warrior (mpiganaji) ashike silaha nzito ya polepole ndo apate reji nyingi (rage, nguvu anayotumia kwa mapigo maalum)? Hapana, sio hivyo, na inaniuma kuona mtu amehangaika wiki nzima kutafuta silaha kwa sababu ya maneno ya kusikia. Shika kalamu tufanye pamoja.

Hatua ya kwanza, jua gemu inakulipa kwa lipi: kwa damegi (madhara unayompa adui), kwa kila pigo, au kwa muda. Kwenye Classic Warrior analipwa kwa damegi, yaani ukiwa leveli 60 chukua damegi ya pigo la kawaida lililoingia, gawanya kwa 30.75, hiyo ndo reji yako.

Hatua ya pili, usihesabu kwa pigo, hesabu kwa sekunde. Chukua shoka la Arcanite Reaper, damegi 153 hadi 256, spidi 3.80, yaani sekunde 3.8 kati ya pigo na pigo. Wastani ni 204.5, unapata reji kama 6.7 kwa pigo. Sasa upanga wa Quel'Serrar, 84 hadi 126, spidi 2.00, wastani 105, reji 3.4 tu. Hapo ndo watu wanakimbilia shoka. Subiri kwanza, gawanya kwa spidi: shoka 1.75 kwa sekunde, upanga 1.71. Karibu sawa! Ni kama Coaster na Hiace, moja tripu chache abiria wengi, nyingine tripu nyingi, jioni hesabu inalingana. (Hapo nimeacha armor, yaani kinga ya adui, na Attack Power, yaani nguvu yako ya kupiga, ila Attack Power nayo inaongezwa kwa kufuata spidi ya silaha, kwa hiyo hesabu bado inakaribiana.)

Hatua ya tatu, angalia reji inavyoingia. Anza pambano na shoka, pigo la kwanza likikosa unasimama pale baa ya reji iko tupu mpaka sekunde 3.8 zipite, likikosa tena ni 7.6 bila kitu, na kama wewe ndo tanki (wa kuwavutia adui kwake ili wenzake wasipigwe) muda huo meji (mchawi wa timu) ameshawavuta adui wote. Upanga ukikosa, sekunde 2 tu unajaribu tena.

Hatua ya nne ndo muhimu kuliko zote na wengi wanairuka: Heroic Strike, pigo maalum la Warrior. Inakata reji 15 lakini pia inachukua nafasi ya pigo la kawaida, kwa hiyo ile reji ambayo ungeipata nayo imeenda. Gharama halisi kwa shoka ni 21.7, kwa upanga 18.4. Na damegi inayoongeza ni ile ile kwa silaha yoyote, ndo maana tanki mwenye reji ya kutosha anataka silaha ya haraka, anaibonyeza mara nyingi zaidi.

Hatua ya mwisho ni ya Rogue (anayeshika silaha mbili) kwenye Burning Crusade, toleo lililofuata baada ya Classic, huko mambo yanageuka. Talenti ya Combat Potency ikijaa pointi zote, kila pigo la mkono wa kushoto linalotua lina nafasi ya 20% kukupa enaji 15 (nguvu ya Rogue, kama reji kwa Warrior), damegi haijalishi. Spidi 1.4 ni mapigo kama 43 kwa dakika, enaji 129 yakitua yote, spidi 2.6 ni mapigo 23, enaji 69 tu. Kwa hiyo kushoto weka ya haraka kabisa, kulia weka ya polepole maana Sinister Strike, pigo maalum la Rogue, inasoma damegi ya silaha ya kulia.