Jinsi ya kumsikiliza mwanasiasa anayetaja kwekwe na madoadoa

Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka kumi na tisa hapa Uasin Gishu, Kenya. Wanafunzi hukariri kwamba sitiari ni kukiita kitu kwa jina la kingine bila kutumia "kama". Mimi huwaongezea swali: ukishampa mtu jina hilo, umejipa ruhusa ya kumfanyia nini? Swali hilo ndilo ninalokwenda nalo kwenye mikutano ya kampeni, pamoja na daftari.

Daftari ni lazima. Andika maneno yenyewe yaliyotamkwa, si maana uliyoipata wewe, kwa sababu ndiyo yatakayokanwa kesho.

Kisha tenganisha sitiari na agizo. Julai 2025 Rais William Ruto alisema anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, apitie hospitali akielekea mahakamani. Hapo hakuna tamathali, risasi ni risasi, na kauli hiyo ipimwe kama agizo. Tena si kila lugha ya ushindani ina damu. Hayati Raila Odinga alizoea kuutangaza uchaguzi kama mechi ya kandanda, na umati ukashangilia. Anayefungwa mabao hurudi kwake mzima, na msimu ujao upo.

Sasa jiulize: watu wamegeuzwa kitu gani, na kitu hicho kwa kawaida hufanywaje? Hapa usiharakishe. Nina robo ekari ya mahindi nyuma ya nyumba, na palizi naifanya kwa mkono wangu. Gugu huliulizi lilikuja lini wala kama lina hatimiliki. Lililokomaa na lililochipua jana yote hung'olewa, mizizi ikakung'utwa udongo, ikaanikwa juani yasije yakashika tena. Anayewaita majirani kwekwe ameshayasema hayo yote, pamoja na yale ya watoto wao. Na hajaishia kwao, amejitaja na yeye. Kwekwe hung'olewa na mwenye shamba, doa huondolewa na mwenye nguo, mende huuawa na mwenye nyumba. Kwa neno moja amekwambia kwamba nchi ni mali yake na wenzake wamevamia. Mtu wa namna hiyo mimi simpi kura hata akiahidi barabara ya lami hadi mlangoni kwangu.

Madoadoa tunayajua sana huku. Neno hilo, la kuwaita watu wa makabila yaliyoonekana kuwa wageni, lilivuma Bonde la Ufa kabla ya ghasia za uchaguzi wa 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani. Januari 2022, Mithika Linturi, aliyekuwa seneta wa Meru, alipanda jukwaani Eldoret akasema madoadoa yaondolewe. Alikamatwa, akaomba radhi, na Oktoba mwaka huohuo akaapishwa kuwa waziri wa kilimo. Msamaha wa namna hiyo usomwe pamoja na kilichofuata.

Tazama pia nani anashika chombo. Tanzania, baada ya Novemba 2015, Rais John Magufuli alisema anatumbua majipu, yaani kuwafukuza watumishi wabovu wa serikali. Sindano aliishika mwenyewe, na jipu lilikuwa kwenye mwili wa serikali yake. Hilo nalihesabu kuwa ujasiri. Lakini jipu halipewi nafasi ya kujieleza, na wako waliofukuzwa kazi hadharani kabla ya kusikilizwa. Sitiari ilikuwa imeshatuonyesha haraka yake.

Wa kuogopwa zaidi ni anayekuachia chombo wewe. Rwanda, katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, kuua kuliitwa gukora, yaani kufanya kazi, na redio ya RTLM iliwahimiza watu wakafanye kazi. Msemaji wa aina hii anataka tendo litendeke na lawama ibaki mikononi mwa vijana. Kwa hiyo ukisikia "mnajua la kufanya" baada ya kutajwa kwekwe, piga mstari chini yake. Ukipata nafasi, muulize kwa lugha ya kawaida: tufanye nini, kwa nani, na wewe utakuwa wapi? Anayejibu kwa kucheka au kubadilisha mada ameshajibu.

Mwisho, geuka uwaangalie wanaosikiliza. Mwaka 2022 nilisimama sokoni karibu na mama mmoja muuza nyanya. Msemaji alipofika kwenye "shamba letu limeota majani", watu walicheka, naye akacheka nao. Kicheko chake kilikatika kabla ya vingine. Akaanza kurudisha nyanya kwenye kreti, zilizoiva chini na mbichi juu, jambo ambalo muuza nyanya hafanyi. Nikamuuliza, "Mama, mbona unafunga mapema?"

"Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa, "majani si ndiyo sisi."

Niliyaandika maneno yake chini ya yale ya msemaji, pamoja na saa na tarehe, kisha nikamshikia upande wa pili wa kreti tukaipeleka stendi.