Kabla ya kuiacha kompyuta ya mezani ifanye kazi kutwa kucha

Kama una saiba, au unaacha mashine itengeneze video usiku kucha, haya yamalize kwanza.

Inua kasha kutoka sakafuni. Vumbi la Nairobi, hasa Januari na Februari, hutua chini na feni hulivuta lote. Acha nafasi ya kiganja kati ya mgongo wa kasha na ukuta. Usilifungie kwenye kabati la meza, hewa moto itazunguka humo humo.

Toa vumbi kila miezi michache, waya wa stima ukiwa umechomolewa. Ukitumia blowa, zuia feni kwa kidole isizunguke, la sivyo utaiua.

Sasa pesti, ile dawa laini ya kupitisha joto. Mashine nyingi tunazouziwa mjini ni mitumba ya Uingereza, na pesti iliyo kati ya prosesa (ubongo wa kompyuta) na kipoza joto imekaa miaka hadi ikakauka kama chokaa. Mama mmoja mwenye saiba huko Umoja aliita fundi mwishoni mwa Juni, watu wakikimbizana na ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30. Fundi aling'oa kipoza joto, akapuliza vumbi, akakirudisha juu ya pesti ile ile, akalipwa akaenda zake. Kesho yake foleni imefika mlangoni, mashine inajikokota, kisha inazima mteja akiwa katikati ya fomu. Akalaumu intaneti. Akawekewa Windows upya, kwa pesa tena! Nilipoingia BIOS, ile menyu inayofunguka kabla ya Windows, joto lilikuwa limepita nyuzi 90 na hakuna programu hata moja iliyofunguliwa. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi, zikizidiwa hujizima. Windows haihusiki hapo.

Kipoza joto kikishang'olewa, pesti mpya ni lazima, hata fundi akuapie. Simama hapo umwone akifuta ya zamani kwa alkoholi, akiweka tone la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati. Kama kinashikwa kwa pini 4, zote ziingie mpaka zilie. Moja ikilegea, umerudi pale pale.

Weka programu ya kupima joto na uizoee. Kazi nzito ikiendelea, nyuzi 80 ni za kukufanya uchunguze. Feni ikianza kukwaruza, nunua nyingine mapema. Nyaya zisiguse mapanga yake. Pesti isiyo na jina iache dukani. Dirisha la upande wa barabara lifungwe, na chai ikae meza nyingine.