Paipu Imeandikwa Baa 6, Mbona Kiungo Kimepasuka?

Mama mmoja anayelima mchicha na bamia kule Mwakirunge, Mombasa, alinionyesha kona ya plastiki, kile kiungo cha kupindisha paipu, iliyompasukia. Ufa ulikuwa mwembamba kama uzi, umeanzia mdomoni penye meno ya kukazia, ukateremka wima hadi pale inapopinda. "Mwanangu, hii ni mpya, nimeinunua juzi. Na paipu imeandikwa sita." Nikaifuta matope paipu yake: kweli, PN 6.

Namba hiyo maana yake ni baa 6, yaani presha ambayo paipu ya PVC inaihimili miaka nenda miaka rudi, maji yakiwa ya nyuzijoto 20 hivi. Kwetu maji ya baridi namna hiyo hayapo. Msimu wa kaskazi, paipu iliyolazwa juu ya ardhi na maji yamesimama ndani, ukiigusa saa saba mchana unarudisha mkono. Plastiki ikipata joto hulegea. PVC ikifika nyuzijoto 45 hubakiwa na takriban asilimia 63 tu ya nguvu yake, kwa hiyo baa 6 zimekuwa kama 3.8. Paipu nyeusi za poliethilini nazo hupungukiwa kwa joto, ingawa hazipasuki ghafla kama PVC.

Sasa tazama pampu. Kwenye kibandiko chake pana namba ya mita, Hmax, yaani kimo cha juu kabisa inachoweza kupandisha maji. Kila mita 10 za maji ni kama baa 1. Pampu ya mita 40 kwenye kisima chenye maji mita 8 chini inabakiwa na mita 32 huku juu: baa 3.2, ukifunga mifereji yote pampu ikiwa bado inazunguka. Mchana wa kaskazi hapo umeshakaribia mno ukomo wa PN 6. Lakini tangi lililo juu ya mnara wa mita 6 linaleta baa 0.6 peke yake, na mwenye tangi hilo hana haja ya kuingia gharama ya paipu nzito.

Ila kilichompasulia mama yule si pampu peke yake. Alikuwa na valvu ya mkono, ile ya kugeuza robo duara, na kijana wake akiifunga kwa pigo moja. Maji yaliyokuwa yakikimbia mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla ndani ya PVC, presha huruka kwa baa 3 au zaidi kwa kufumba na kufumbua. Ilikuwa baa 2, sasa imepita 5. Ule mlio wa "go!" unaousikia ukutani ndio huo. Funga polepole, hesabu hadi kumi. Mahali ambapo watoto ndio wanaofungua maji, mimi huweka valvu ya kuzungusha mara nyingi, kwa sababu hiyo haikubali kufungwa kwa haraka.

Na kwa nini ufa ulianzia kwenye meno? Kiungo cha plastiki chenye meno ya ndani kilikuwa kimekaziwa kipande cha chuma chenye meno ya nje, tepu nyeupe imezungushwa bila kiasi, kisha spana ikavutwa. Chuma hakibonyei, plastiki inapanuliwa kama kabari inavyopasua kuni, na inabaki imebanwa hivyo usiku na mchana hata maji yakiwa yamefungwa. Afadhali plastiki iwe na meno ya nje iingie ndani ya chuma. Kaza kwa mkono, halafu ongeza mzunguko mmoja hivi kwa spana, basi. Najua visima vyetu vya chumvi vinakula chuma, ndiyo maana tunakimbilia plastiki. Hapo tafuta kiungo chenye shaba ndani.

Dukani usiulize inchi peke yake. Paipu za PVC za klasi B ni baa 6, C ni 9, D ni 12, E ni 15. Soma na kiungo chenyewe, maana mstari mzima hauna nguvu kuliko kipande chake dhaifu. Zile paipu za maji machafu usizifunge kwenye pampu hata kwa siku moja, ingawa bei yake inavutia, hazikutengenezewa presha.

Gundi iache ikauke saa 24. Kisha jaza maji taratibu, mfereji wa mwisho ukiwa wazi hewa itoke, halafu ufunge na uzime pampu, ukiwa na geji ya kupimia presha na valvu ya kuzuia maji yasirudi kisimani. Geji ikishuka na hakuna aliyefungua maji, usifukie mtaro bado: pitisha mkono mkavu chini ya kila kiungo, ukianzia na vyenye meno.