Pikipiki ya injekta imegoma kuwaka na plagi imelowa: anza na umeme, mafuta baadaye

Pikipiki ya kabureta ikigoma asubuhi, kila kijiwe kina dawa yake: vuta choki, piga resi mara tatu, gonga kabureta kwa mpini wa bisibisi. Dawa hizo ukizihamishia kwenye pikipiki ya injekta hazisaidii. Hakuna choki ya kuvuta wala boya la kukwama. Kiasi cha petroli kinaamuliwa na kontrolboksi, ambayo inasoma sensa za joto, hewa na resi, kisha inafungua injekta, kile kifaa kinachopuliza petroli kwenye injini, kwa milisekunde chache tu. Injini ikilowa petroli, kuna mambo matatu: ama sensa imeidanganya kontrolboksi, ama injekta inavuja, ama petroli iliingia kwa kipimo chake ikakosa cheche nzuri ya kuichoma. Hilo la tatu ndilo linalofika gereji mara nyingi zaidi, na nyuma yake huwa kuna betri iliyochoka.

Andaa spana ya plagi, multimita, plagi mpya na kitambaa safi. Fanyia kazi nje penye hewa, mbali na sigara na jiko la mama ntilie.

Hatua ya 1: Ikaushe kabla ya kufungua chochote

Ukisikia harufu ya petroli kwenye eksozi, na stata inazungusha lakini injini haishiki, imelowa. Washa swichi, fungua resi mpaka mwisho na uishikilie hapo, kisha bonyeza stata kwa sekunde 5. Resi ikiwa wazi kabisa wakati wa kupiga stata, kontrolboksi nyingi hukata au kupunguza petroli, na hewa inayopita inakausha silinda. Honda wameiandika njia hii kwenye vitabu vya mtumiaji vya pikipiki zao nyingi, ila ni wachache wanaofungua kitabu. Baada ya hapo achia resi, subiri sekunde 10, piga stata kama kawaida bila kugusa resi.

Ikikataa mara mbili tatu, usiendelee kuinyonga stata. Zima swichi, toa plagi. Plagi iliyolowa mafuta ina ncha nyeusi inayong'aa na inanuka petroli waziwazi. Ikiwa kavu kabisa, tatizo lako ni kukosa mafuta, nenda moja kwa moja hatua ya 2.

Sasa swichi ikiwa bado imezimwa, chomoa soketi ya injekta na soketi ndogo ya koili (inayotengeneza umeme wa cheche). Funika tundu la plagi kwa kitambaa bila kukisukumiza ndani, kisha washa swichi na upige stata kwa sekunde chache. Petroli iliyobaki itatoka kama mvuke. Soketi zote mbili zitoke kwa sababu hiyo: mvuke wa petroli na cheche mahali pamoja ni moto usoni mwako. Taa ya injini ikiwaka kwa ajili ya soketi hizo, usishtuke. Rudisha kila kitu na ufunge plagi mpya. Mafundi wengine huichoma ya zamani kwenye jiko ikauke. Inaweza kuwasha siku hiyo, ila plagi iliyokwisha kulowa na kushika masizi huwa haikai muda mrefu.

Hatua ya 2: Sikiliza

Swichi ya kuzimia injini iwe kwenye kuwaka, gia iwe frii. Washa funguo halafu tulia. Unatakiwa kusikia pampu ikivuma ndani ya tanki kwa kama sekunde 2, kisha inanyamaza. Taa ya injini iwake, izime.

Pampu ikiwa kimya, angalia fyuzi na soketi yake. Kama pikipiki ilianguka, sensa ya mlalo imekata umeme ili petroli isimwagike. Isimamishe wima, zima swichi, washa tena. Pampu inayovuma kwa shida, kama inakwaruza, mara nyingi imeshakula uchafu wa petroli ya chupa za barabarani. Kabureta iliweza kuvumilia mchanga kidogo. Chujio la pampu haliwezi.

Hatua ya 3: Pima betri, hata kama honi inalia

Honi kulia hakuthibitishi kitu. Weka multimita kwenye volti za DC. Betri iliyotulia na kujaa inasoma 12.6 au zaidi. Chini ya 12.4, ichaji kwanza kabla ya kulaumu injekta. Halafu acha nyaya za multimita kwenye betri na upige stata huku ukitazama namba. Ikidondoka chini ya volti 10, umempata mshukiwa wa kwanza.

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa sababu stata bado inazunguka na wanaamini umeme upo. Stata ikianza kula umeme, kinachobaki kwa pampu, kontrolboksi na koili ni kidogo. Cheche inakuwa nyekundu na dhaifu. Injekta inaendelea kumwaga kila mzunguko, hakuna kinachochomeka, na baada ya majaribio machache plagi imeogelea. Fundi anaiona plagi imelowa, anafungua injekta. Anaisafisha, anairudisha. Wakati huohuo betri imepumzika, injini inawaka na injekta inapewa lawama. Kesho asubuhi hadithi ni ileile.

Betri ikiwa nzima, kagua nati za nyaya zake na waya wa eathi unaokwenda kwenye chesisi. Kutu ya kijani kwenye mdomo wa waya inatosha kukugomesha. Angalia pia vitu vilivyoongezwa: taa za LED, redio, king'amuzi cha kufuatilia pikipiki ya mkopo. Vingi vimeungwa kwa kumenya waya na kuzungushia selotepu, na baadhi vinanyonya betri usiku kucha. Injini ikiwaka na resi imepanda kidogo, volti kati ya 13.5 na 14.5 zinakuambia chaji inafanya kazi.

Na usijifariji kwa kusukuma: kwenye pikipiki nyingi, betri ikifa kabisa, pampu na kontrolboksi hazina umeme wa kutosha, utatoka jasho bure.

Hatua ya 4: Soma taa ya injini

Bila mashine ya kusomea bado unaweza kupata kitu. Kwenye Honda ndogo za PGM-FI (jina la mfumo wa injekta wa Honda), taa inapepesa: mpepeso mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Mfupi 1 ni sensa ya mgandamizo wa hewa, 7 ni sensa ya joto la injini, 8 ni sensa ya resi, 12 ni injekta, na 54 ni sensa ya mlalo. Kampuni nyingine zina namba zao, usichanganye. Na namba 12 maana yake ni saketi ya injekta. Chomoa soketi uikague, pima injekta yenyewe kwa omu (nyingi husoma kati ya 10 na 15), ndipo ufikirie kununua.

Hatua ya 5: Inawaka baridi, inagoma ya moto

Kama asubuhi inashika mara moja lakini inagoma baada ya kusimama kupakia mafuta, weka macho kwa washukiwa wawili.

Wa kwanza ni sensa ya joto. Upinzani wake unatakiwa ushuke kadiri injini inavyopata moto. Kwa nyuzi 20 nyingi husoma kilo-omu 2 hadi 3. Kwa joto la mchana wa Dar zitakuwa chini ya hapo. Ukipima ya moto ukakuta bado iko juu, kontrolboksi inaamini injini ni baridi, nayo inamwaga petroli ya asubuhi mchana kutwa. Sensa hii ikiharibika nusunusu, taa inaweza isiwake kabisa.

Wa pili ni injekta inayochuruzika. Mgandamizo ndani ya bomba la mafuta, ambao kwenye Honda nyingi ndogo ni kama kPa 294, unabaki baada ya kuzima, na tone moja moja linaingia kwenye injini. Itoe injekta pamoja na bomba lake, soketi ikiwa imechomolewa. Ielekeze kwenye chombo safi, washa swichi pampu ivume, zima, kisha tazama ncha kwa dakika moja. Ikitengeneza tone, isafishwe kwa mashine au ibadilishwe, na oringi yake iwe mpya.

Vali zilizokaza na filta ya hewa iliyoziba nazo zinasumbua kuwasha, lakini ziache mwisho.

Pikipiki ikilala sebuleni, isukume kwa mkono mpaka nje. Kuiwasha kwa sekunde tatu, kuizima mlangoni, kisha kuiwasha tena ni kuimwagia petroli ya injini baridi mara mbili bila kuipa nafasi ya kuichoma.

Ikishawaka, chomoa kijiti cha oili na unuse. Kama kina harufu ya petroli au kiwango kimepanda kuliko kawaida, petroli imepita kwenye ringi, oili imekuwa nyepesi na hailainishi tena vizuri. Imwage siku hiyohiyo, hata kama uliibadilisha wiki iliyopita.