Stelingi ikiwa nzito, usianze na pampu

Hilux yangu ni ya 1994, dizeli, na kazi yake ni kushusha kabichi kutoka Lushoto hadi Mombo. Njia ile ni kona juu ya kona, mwamba upande huu, bonde upande ule. Stelingi ilipoanza kuwa nzito huku ikivuma kila nikikata kona, fundi alisikiliza kidogo tu akasema pampu ya stelingi imekufa. Nikanunua nyingine ya mtumba, ikafungwa, mlio ukabaki palepale.

Kumbe ni mpira unaotoka kwenye kopo la oili kwenda kwenye pampu. Ulikuwa umekakamaa kwa uzee, klipu haikazi, na pampu inanyonya upepo pamoja na oili. Mpira huo hauna presha kubwa, kwa hiyo hauvuji sana nje. Unaweza kuupita mara kumi usiutilie shaka.

Sasa naanza na yasiyo na gharama. Pima kwanza upepo wa tairi za mbele. Kisha piga jeki, weka stendi imara chini ya ekseli, zima injini na uzungushe usukani. Tairi zikiwa hewani, hata bila injini usukani unapaswa kwenda bila kukutoa jasho. Ukigoma, tazama chini: jointi zimekauka au beringi za miguu ya mbele zimekwisha, na hapo kuongeza oili hakusaidii.

Fungua kopo. ATF, yaani oili ya stelingi, ikiwa nzuri ni nyekundu na safi. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, imechoka. Ikiwa na povu, kuna upepo. Tafadhali usimimine oili ya breki eti ndiyo iliyopo dukani. Inaharibu sili za pampu na za stelingi boksi, ile inayopokea mzunguko wa usukani na kugeuza tairi, na nimeona gari likivuja kila pembe kwa sababu ya chupa moja tu.

Mkanda unaozungusha pampu nao ukague, injini ikiwa imezimwa. Ukipiga kelele kali pale unapokata usukani hadi mwisho, umelegea au umelowa oili. Ukiwa na nyufa, badilisha.

Ukibadilisha mpira wa kunyonya, nunua wa oili. Wa maji utavimba na kulainika, utarudi kwenye tatizo lilelile. Mpira wa presha, unaotoka kwenye pampu kwenda stelingi boksi, ni habari nyingine: usiuguse kutafuta tundu injini ikiunguruma, oili ile inatoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Pitisha kipande cha katoni, uone kinapolowa.

Baada ya hapo toa upepo ulioingia kwenye oili, kazi ambayo wengi huiharakisha. Gari likiwa bado juu ya stendi na injini imezimwa, jaza kopo, kisha zungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho, mara kumi au zaidi, msaidizi akiongeza oili kila inaposhuka. Kopo likikauka hata mara moja, unaanza upya. Povu likiisha ndipo uwashe injini urudie, na usiushikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde 10, pampu itachemka.

Kama yote haya yamefanyika na bado ni mzito, sikiliza mikono yako. Mzito kulia na kushoto sawasawa, hasa injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta: sasa pampu ndiyo ya kushukiwa. Mwepesi upande mmoja na mzito mwingine, mara nyingi ni valvu ndani ya stelingi boksi, na hiyo mpelekee fundi mwenye vifaa.

Mimi nilimaliza kwa mpira wa futi moja na klipu mbili. Safari ya kwanza nilisimama Soni, nikafungua boneti na kukaza klipu tena, kwa kuwa mpira mpya hujikalia ukipata moto.