Somo: Kutafuta omu na wati ukiwa na volti na ampea

Anayenunua koili ya kuchemshia maji pale Luthuli Avenue, Nairobi, kwa kawaida husoma kitu kimoja tu kwenye lebo: wati. Jioni ikifika, ploti nzima imewasha vyombo, maji yanakataa kuchemka na lawama zote zinamwendea muuzaji. Mara nyingi anaonewa bure. Wati si za koili peke yake, zinategemea pia volti zilizofika kwenye soketi. Kilicho cha koili yenyewe ni ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia stima kupita, na hupimwa kwa omu.

Kanuni ni mbili tu. Ya kwanza aliichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: volti (msukumo wa stima) = ampea (ukubwa wa mkondo unaopita) × omu. Ya pili: wati = volti × ampea. Nyingine zote za somo hili zimezaliwa na hizi.

Hatua ya 1: volti. Weka mita kwenye volti za AC, pima soketi. Stima ya nyumbani Kenya ni 240 V, basi tuseme umepata hizo.

Hatua ya 2: ampea. Tumia mita ya kubana waya. Bana waya mmoja peke yake. Ukibana kebo nzima, mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana na mita husoma sifuri. Na tafadhali, usichukue mita ya kawaida ukaiweka kwenye ampea kisha ukachomeka nyaya zake kwenye soketi. Hapo unaunganisha laivu (waya unaoleta stima) na nyutro (unaoirudisha) moja kwa moja. Mita inaweza kulipuka, na uso wako uko karibu. Tuseme koili yetu inavuta 5 A.

Hatua ya 3: gawanya. 240 ÷ 5 = omu 48. Huo ndio ukinzani.

Hatua ya 4: zidisha. 240 × 5 = wati 1,200.

Hatua ya 5: hakikisha. Chomoa plagi kabisa, weka mita kwenye omu, gusa zile pini mbili fupi. Utapata karibu na 48, pengine pungufu kidogo kwa sababu koili ni baridi. Mita isiposoma chochote, koili imekatika. Sasa gusa pini fupi moja na ile ndefu ya arthi, kisha rudia na ya pili. Hapa mita ibaki kama haijagusa kitu, isisome omu zozote. Ukiona namba yoyote, hata sifuri, stima inavuja hadi kwenye chuma, na hiyo ndiyo koili inayopiga watu shoti. Itupe.

Hatua ya 6: badilisha volti. Hapa ndipo penye utamu. Jioni volti zimeshuka hadi 200. Omu ni zilezile 48, kwa hivyo 200 ÷ 48 = 4.17 A, na 200 × 4.17 ni takriban wati 833. Volti zimepungua kwa sehemu moja ya sita, lakini wati zimepungua kwa zaidi ya asilimia 30, kwa sababu volti zikishuka, ampea nazo hushuka, na wati ni zao la vyote viwili. Ukitaka njia ya mkato: wati = volti × volti ÷ omu.

Maswali ya wanachama (kila mmoja kwa jina la mtaa wake)

*Kayole:* Fundi, kwa hivyo volti zikishuka tokeni zinaisha haraka?

Hapana, mkubwa. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Wati 1,200 kwa nusu saa ni uniti 0.6. Kwa wati 833, joto hilohilo litakuchukua dakika 43 hivi, na uniti ni zilezile 0.6. Kinachoongezeka ni joto linalopotea hewani wakati unasubiri, hasa kama ndoo haina kifuniko.

*Umoja:* Shawa yangu imeandikwa 5,500 W, 220 V. Naweza kuitolea waya kwenye soketi ya kawaida?

Usithubutu. Piga hesabu: 220 × 220 ÷ 5,500 = omu 8.8. Ukiiweka kwenye 240 V inavuta 27.3 A na kutoa wati kama 6,545, zaidi ya ilivyoandikwa. Soketi ni ya 13 A. Shawa inataka waya wake yenyewe kutoka kwenye breka, na mafundi wengi huweka wa milimita mraba 6. Arthi si hiari.

*Githurai 45:* Plagi ya birika langu imekuwa ya kahawia upande mmoja na pini inanuka, lakini fyuzi haijakatika. Mbona?

Dada, fyuzi huangalia ampea, haioni joto la pini iliyolegea. Birika la wati 2,000 linavuta 8.3 A, fyuzi ya 13 A haina habari. Lakini pini ikishikwa vibaya ndani ya soketi na kuleta omu 0.2 tu, joto ni ampea × ampea × omu, yaani 8.3 × 8.3 × 0.2, karibu wati 14, zote kwenye eneo dogo kama punje ya mahindi. Plastiki haiwezi kuvumilia. Badilisha soketi pamoja na plagi; ukibadilisha moja, ile mbovu itaichoma mpya.

*Zimmerman:* Nimejaribu na balbu ya zamani ya 60 W. Hesabu inasema omu 960, mita inasoma chini ya 100. Mita imeharibika?

Iko sawa. Uzi wa balbu ukiwa baridi una ukinzani mdogo sana, kama sehemu moja ya kumi au hata chini, na hupanda uzi unapowaka. Ndiyo maana balbu hizo hupenda kuungua dakika ileile unapowasha swichi. Waya wa koili na wa pasi haubadiliki hivyo. Balbu za LED, friji na chaja usizipime omu kwa njia hii kabisa. Ndani mna saketi au mota, na jibu utakalopata halitakusaidia.