Ijumaa asubuhi kwenye mnada wa mbuzi Nizwa

Ukiwa Oman na una Ijumaa moja tu, ipeleke Nizwa. Soko la Muttrah pale Muscat litakungoja hadi usiku, tena nusu ya vitu vyake utavikuta Kariakoo. Mnada wa mbuzi wa Nizwa ni Ijumaa asubuhi, na ikifika saa tatu watu wanaanza kufunga kamba zao.

Kutoka Muscat ni kama kilomita 160, barabara safi. Unaweza kudamka, ila mimi nashauri ulale Nizwa Alhamisi, ili saa kumi na mbili na nusu uwe umeshapata pa kukaa. Fuata mnara mnene wa ngome. Mnada uko jirani.

Mimi ni mtu wa minada. Nimezoea mnada wa Pugu, Dar es Salaam, ambako ng'ombe wamesimama na mnunuzi ndiye anayehangaika kuzunguka. Nizwa ni kinyume. Kuna njia ya duara, wanunuzi wamekaa pande zote mbili na bakora zao, na wauzaji wanawapitisha mbuzi mbele yao huku wakitaja bei kwa sauti. Mzee niliyekaa karibu naye alimsimamisha beberu mweusi, akamfungua mdomo kutazama meno, akapitisha kiganja mgongoni akitafuta nyama, kisha akataja bei yake bila hata kumwangalia muuzaji. Muuzaji akavuta kamba, akaenda zake. Alipozunguka tena wakapatana, noti zikahesabiwa juu ya mgongo wa yule beberu.

Wewe kaa nyuma ya wanunuzi, usisimame njiani hata kwa picha moja. Mbuzi watakukanyaga tu. Ng'ombe, ambao huletwa baadaye, hawana simile. Vaa viatu vya kufunika, mabega na magoti yasitiriwe. Mkono usiupungepunge ovyo, wala usimshike mnyama usiyemtaka. Picha omba kwanza, na akina mama waliovaa barakoa za kimila usoni waache kabisa.

Anza na salamu, hata kama unauliza bei tu. Kiarabu kikikuishia, jaribu Kiswahili kwa wazee. Wengi wana jamaa Unguja na Pemba, na wapo waliozaliwa huko wakahamia Oman. Mimi nilikwenda na kofia yangu ya kushona kwa mkono, na hiyo peke yake ilinifungulia mazungumzo, maana na wao wanavaa za namna hiyo hiyo.

Hesabu zisikuchanganye. Rial moja ni baisa 1,000, na ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani, kwa hiyo bei inayosikika ndogo si ndogo. Beba noti ndogo ndogo.

Mnada ukipungua, nenda kwenye halwa. Utaonjeshwa, na kahawa chungu yenye iliki katika kikombe kidogo. Ukitosheka kitikise, la sivyo watakumiminia tena. Kwenye tende ulizia khalas, halafu uonje fardh ulinganishe. Jambia la fedha si kitu cha kununua kwa papara, zungukia maduka kadhaa kwanza. Ila yote hayo yamalize kabla ya saa tano: maduka yanafungwa kwa swala ya Ijumaa, na mengi hayafunguliwi tena hadi alasiri.